Karibuni Mjini, Msipite Kwetu

Mama Shuka aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, na bado alijaribu kujidanganya kwamba amesikia vibaya. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa abiria pale bandarini, mfuko wa sabuni mkononi, boti ya mchana ndiyo kwanza imefunga gatini, na sauti ikawa inamwagika kutoka kwenye spika za darini. Sauti nzito, tamu, isiyo na haraka. Iliwakaribisha wageni mjini. Ikawaambia kuwa teksi halali zina mstari wa manjano na zinasimama geti la kushoto, na wakubaliane nauli kabla ya kupanda. Pesa wabadilishe dirishani, si kwa watu wa mlangoni. Maji ya bomba wasinywe, meli za jeshi wasizipige picha, ufukweni wasiogelee panapopepea bendera nyekundu. Yote ya maana, hakuna wa kubisha. Kisha, kwa utamu ule ule, ikasema: "Kwa usalama wenu, jua likishatua msipite wala msilale mtaa wa nyuma ya maghala."

Mtaa wa nyuma ya maghala ndiko kwake. Na sauti ile ilikuwa ya mdogo wake, mtoto wa mama yake, aliyezaliwa katika mtaa huo huo.

Sasa akaelewa. Tangu msimu wa wageni uanze, vyumba vyake sita vilikuwa vinalala vitupu, naye kila siku akitafuta mchawi. Alibadilisha mapazia. Alipaka rangi ngazi. Akamgombeza bure mfuaji kwamba shuka zinanuka, ilhali shuka zake zilijulikana mtaa mzima kwa weupe, na ndizo zilizompa jina. Juzi walikuja mke na mume na mabegi yao mgongoni, wakaingia kwa kunyata, wakamuuliza kama ni salama kutoka kununua maji dukani. Akacheka, akadhani wanatania. Asubuhi wakaondoka bila hata kunywa chai, na mwanamke akamwambia kwa huruma kwamba bandarini wameonywa. Wakati huo huo mwenye hoteli ya barabara ya ufukweni alikuwa anatuma watu kuulizia kama nyumba inauzwa. Nyumba yenyewe ndiyo iliyobaki ya wazazi wao, na mama yao bado anaishi ghorofani.

Mdogo wake walimwita Kasuku tangu utotoni, kwa sababu kila alilosikia alilirudia hadi watu wakamkimbia. Bandarini hawakutumia kanda. Boti zilichelewa na bahari ilibadilika, kwa hiyo mtu alikaa kwenye kibanda cha kioo akazisomea boti moja moja, na Kasuku ndiye aliyekaa humo.

Mama Shuka hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa kibanda akamkuta mdogo wake anakunywa chai na msichana wa tiketi, shati limenyooshwa kama la bwana harusi. Kasuku alipomwona alikunja sura kidogo tu, kisha akamgeukia yule msichana na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba huyu ni mama mmoja ana nyumba ya wageni, amekuja na malalamiko.

Mama mmoja! Mama Shuka alihisi damu inampanda hadi masikioni. Yeye ndiye aliyembeba huyu mgongoni, akamfuta makamasi, akasingiziwa makosa yake mara ngapi sijui. Alisubiri msichana atoke, ndipo akamuuliza kwa sauti ya chini, maana alijua akiipandisha kidogo tu haitashuka.

"Nani kaandika hayo unayosoma?"

"Ofisi, dada. Wenye hoteli walilalamika, kuna mgeni alikwapuliwa begi."

"Alikwapuliwa getini kwenu hapa. Mji mzima unajua."

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

"Ulipokisoma mara ya kwanza, hukujua ni mtaa gani?"

Kasuku alizungusha kikombe. Alisema kikao kizima kilikuwepo. Angepinga, wangemuuliza kwa nini anautetea, naye angelazimika kuwaeleza kwamba ndiko kwao. Na hapa kazini, akasema huku anaangalia mlango, watu wanajua anatokea upande wa bustani, kule kwenye nyumba za maofisa. Alilisema macho makavu, kama mtu anayetaja ratiba ya boti.

Mama Shuka aliondoka bila kuaga. Njiani aligombana na muuza maji, akagombana na toroli, akafika nyumbani bado hajapata wa kumtosha.

Ghorofani mama yao alikuwa dirishani kama kawaida. Macho yake yalikuwa yamefifia kabisa, na furaha yake ya siku ilikuwa lile dirisha linalotazama bandari. Upepo ukivuma kutoka baharini ulimletea sauti ya mwanawe. Maneno yalimfikia vipande vipande, hakushika hata moja, lakini mlio aliutambua, na kila boti ilipofika alinyamazisha nyumba nzima. Kasuku hakuwa amekanyaga ngazi zile tangu apate kazi. Mama alimtetea kwamba mtoto ana shughuli, na si anamsikia kila siku?

Mama Shuka alimtazama yule mama anayetabasamu na dirisha, na hasira ikamfundisha la kufanya.

"Mama," alimwambia, "kesho nikupeleke bandarini ukamsikie mwanao kwa karibu."

Kesho yake mama alijifunga kanga mpya na kujipaka manukato, akataka aambiwe kama amependeza. Hapo roho ilimuuma Mama Shuka. Alijua anachokifanya ni kibaya, tena kwa mtu asiye na kosa. Lakini hasira ilikuwa imeshika usukani, na alimshika mama mkono wakashuka ngazi, wakapita maghala mchana kweupe, wakisalimiwa kila mlango.

Alimkalisha benchi la mbele, uso kwa uso na kile kibanda. Boti ya jioni ilifunga, wageni wakamiminika na mabegi yao. Kasuku aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi, akawaona. Alimwona dada yake aliyesimama wima mikono kifuani, akamwona mama yake ndani ya kanga mpya, ameuelekeza uso juu kwenye spika, anangoja. Msichana wa tiketi alikuwa pembeni yake. Kwa kitambo Mama Shuka aliomba kimoyomoyo: ruka, mdogo wangu, ruka hapo tu, nitakusamehe yote.

Kasuku alisoma. Teksi, pesa, maji, picha, bendera. Mama aliitikia kwa kichwa kila jambo kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi wake bora. Kisha akasoma na lile la mtaa wa nyuma ya maghala, neno kwa neno. Sauti haikutetemeka.

Kichwa cha mama kiliacha kutikisika. Spika zikazimwa.

"Wanakataza mtaa gani?" aliuliza.

"Wetu, mama."

"Na aliyesema ni yeye?"

"Ni yeye."

Mama alipapasa kanga yake, akaikaza kiunoni, akasimama. Alisema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye kioo: "Basi nirudishe upesi, binti yangu, jua lisitutulie njiani. Si umesikia kwetu ni hatari?"

Wageni waliokuwa karibu waligeuka. Msichana wa tiketi alimtazama yule bibi, akamtazama Kasuku, akarudia kumtazama bibi, na pua zile mbili zilizofanana hazikuhitaji maelezo. Kasuku aliinamia karatasi yake. Hakutoka.

Nyumbani mama aliagiza dirisha lifungwe. Halikuwahi kufungwa, hata mvua ikinyesha, na komeo lilikuwa na kutu hadi Mama Shuka akaligonga kwa kisigino cha kiatu.

Kesho yake boti ya mchana ilipofika, Mama Shuka alikuwa juu ya paa anaanika shuka zisizolaliwa na mtu. Upepo siku hiyo ulivuma kuliko kawaida, na huko juu maneno yalifika mazima. Alisikia teksi, akasikia bendera nyekundu. Alikaza meno akingoja. Pakaja kimya kidogo, kisha Kasuku akawatakia wageni mapumziko mema, na sauti sasa ilikuwa inatetemeka.

Aliacha shuka inaburuza, akashuka mbio hadi chumbani kwa mama. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mama ameligeuzia mgongo.

"Ameliruka, mama. Ameliruka lile la mtaa wetu. Nifungue, boti ya jioni umsikie?"

"Usifungue," alisema mama. "Kama ana neno na mimi, mlango anaujua. Mimi si abiria."