Manyoya ya Nyikang

Nalala saa nane mchana juu ya maboksi, nyuma ya karakana yangu ya friji hapa Kitale, nikiwa nimekasirika, na hasira zangu naingia nazo usingizini. Aliyenikasirisha ni baba mdogo Akwoch. Wiki tatu zilizopita alinipigia simu kutoka kwetu, kando ya Nile Nyeupe, akasema maneno mawili: Nchi haipo. Sisi Washilluk hatusemi kwamba reth, mfalme wetu, amekufa. Tunasema nchi haipo, na inabaki haipo mpaka mwingine akalishwe kitini. Kisha akaongeza, kama mtu anayeagiza sukari: Oyoch, zamu ya manyoya ilikuwa ya marehemu baba yako, sasa ni yako, Nyikang hawezi kutoka kichwa wazi. Nyikang ndiye babu yetu wa kwanza, aliyeuanzisha ufalme. Siku hizi ni sanamu ya mti mwepesi wa majini, amevishwa kitambaa, anakaa kwenye nyumba yake kule Akurwa, na asipovikwa manyoya ya mbuni haondoki kwenda kumtawaza mtu yeyote. Manyoya ninayo, nimeyapata kwa mfugaji mmoja. Ninachokosa ni nafasi ya kusafiri, na baba mdogo hataki kuelewa neno nafasi, anapiga simu kila siku.

Basi nimelala, na sakafu inalegea chini ya maboksi, inakuwa tope, na ninaposimama niko barabarani na bunda la manyoya kwapani. Nafurahi kidogo, nasema vizuri, nitayafikisha humu humu ndotoni, nikiamka niendelee na kazi. Natembea. Barabara inagawanyika mbili, nashika ya kulia, inanizungusha na kunirudisha palepale, nashika ya kushoto, nayo inanirudisha, mpaka naziona nyayo zangu zimenitangulia na zinaonekana zimechoka. Nafika mtoni. Upande huu kuna mji, nyumba za mviringo, mama anakoroga uji kwa mkono wa kulia, mbwa amekatika sikio. Ng'ambo kuna mji uleule, mbwa yuleyule, mama yuleyule, ila anakoroga kwa mkono wa kushoto. Mama, shikamoo, Akurwa ni wapi? Ng'ambo, mwanangu. Navuka, maji kifuani, manyoya juu ya kichwa. Mama, shikamoo, Akurwa ni wapi? Ng'ambo, mwanangu, wale wa kule ndio wanaojua. Namwambia nimetoka kule. Anasema wale wa kule ni waongo tangu zamani. Mara tatu navuka, mara tatu natumwa ng'ambo, na uji hauivi upande wowote.

Ndipo namkuta mtu amebeba kiti kichwani, kiti kidogo cha miguu minne kilichofungwa kitambaa, na mahali pa uso wake pako laini kama kiganja, hana jicho wala mdomo, lakini sauti inatoka. Nipeleke Akurwa, ndugu yangu, nina mzigo wa Nyikang. Anajibu: nchi ikiwa haipo, barabara itaelekea wapi? Nasema nimeuliza swali la kawaida, nijibu kawaida. Anajibu: anayetafuta mlango asiulize ukuta. Nasema wewe ndiwe ukuta, na unanichosha. Ni mbali au karibu? Ni mbali kwa anayetembea, anasema. Na kwa asiyetembea? Anakiweka kiti sawa kichwani, na tunazidi kwenda, mto kulia, mto kushoto, mama na uji, mbwa na sikio, miguu inaniwaka, viatu nimevipoteza sijui wapi. Anatua kiti chini ili apumzishe shingo. Nami nimechoka, nimechoshwa na barabara, na mafumbo, na baba mdogo na simu zake, na bila kufikiri, kama mtu yeyote aliyechoka akiona kiti, nakaa.

Mtoto wa Kishilluk wa miaka minne asingekaa. Hakuna anayekalia kiti kile isipokuwa reth, baada ya Nyikang kukikalia kwanza, na mimi ninajua hivyo tangu nilipojua kutembea, na nimekaa. Na barabara zinatulia. Mto unakuwa mmoja. Mtama unasimama shambani, ng'ombe wanashuka kunywa, uji unaiva, na yule mtu wa kiti anaota uso, uso wa kawaida wa mzee mwenye makunyanzi, na machozi yanamtoka kwa kuwa sasa ana macho. Nchi ipo. Sijawahi kuiona, nilivushwa mpaka wa nchi nikiwa mtoto mgongoni kwa mama yangu, na sasa iko yote mbele yangu na moyo unaniuma kwa furaha. Watu wamelala kifudifudi kunisalimu. Bado hata sijajikohoza, wameanza: huyu ng'ombe wake ameibiwa, yule mpaka wake umesogezwa, mama wa kulia anamshtaki mama wa kushoto. Nawaambia kaeni, ngojeni, mmoja mmoja. Wanakaa. Kisha kutoka kaskazini linakuja jeshi na mbele yake Nyikang, kabebwa juu, kitambaa kimemkaa vizuri, na kichwa ni kijiti kitupu. Anasimama mbele yangu. Anangoja, na manyoya yako kwapani mwangu. Mzee wa kiti ananinong'oneza: ukiinuka kumvika, haya yote yanaondoka. Na nisipoinuka? Usipoinuka, anasema, wewe ndiwe utakayebaki kitini, fundi wa friji, na Nyikang atarudi Akurwa kichwa wazi asitoke tena. Safari hii amejibu bila fumbo, na laiti angenyamaza.

Nainuka. Mtama unaanguka kama pazia, ng'ombe hawapo, naona uso wa mzee ukifutika, mdomo kwanza, macho mwisho, bado ananiangalia. Naiona nchi yangu ikiondoka mara ya pili na namvika Nyikang manyoya, moja moja, nikilia kwa hasira. Wanamshusha Nyikang kitini. Nainama nione kama nchi itarudi.

Nafumbua macho. Nafula, anayeuza chapati mlango wa pili, amesimama juu yangu. We Oyoch, umelala aje na kelele hivyo, ulikuwa unaamuru watu kwa lugha yenu, hata mimi nimejikuta nimekaa chini. Namuuliza nje kuna nini. Barabara, anasema, kwani ungetaka kuwe na nini? Nachungulia, naiona, imetulia, na sijui imetulia kwa sababu ni Kitale au kwa sababu kule kuna mtu ameshakaa kitini. Miguu inawaka mpaka siwezi kuikanyagia. Nafula ananisogezea kiti chake cha plastiki, keti kwanza. Namwambia asante, Mama, nitasimama. Nauliza basi la Lodwar, la kuelekea mpakani, njia ya kwetu, linaondoka saa ngapi.