Upande wa Kushoto

...na si upande ule, hilo ndilo lililomtisha Yusta, kwamba maumivu hayakuja kulia walikompasua, kule angeyapokea, kule ana kovu na kovu lina haki ya kuuma, yamekuja kushoto, mahali ambapo daktari aliminya kwa vidole akasema huku kuzima, mama, huku usiwe na wasiwasi, na yamemkuta ameinama shambani anakata kabeji, kisu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika jani, akabaki hivyohivyo, hanyooki wala hakai, anavuta pumzi kidogokidogo kama anayeonja uji wa moto, na kwenye tuta la juu wifi yake Klara anakata na kusema, kusema na kukata, yule jogoo mwekundu Mama amekubali atoke, wifi, halafu wewe na kaka mtatangulia mbele, sisi nyuma yenu na kabeji na mkungu wa ndizi... Jumapili, ndiyo, Jumapili ya shukrani, jogoo atapigwa mnada nje ya kanisa, na kabla ya hapo mchungaji atasema tumshukuru Mungu kwa dada yetu Yusta aliyetolewa uvimbe akapona, akapona, nani kasema amepona, Emanueli ndiye kasema, alikwenda kwa mzee wa kanisa bila kumuuliza mkewe, akarudi uso unang'aa, nimeshatoa taarifa, mke wangu, na yeye akajibu asante, kwa sababu mwanamke aliyelala wodini mumewe akimfulia kanga za damu hana tena mdomo wa kukataa kitu, lakini daktari hakulitamka neno hilo, daktari alisema uvimbe umetoka na kifuko cha mayai cha kulia kimetoka nao, kinyama kimepelekwa kupimwa, tusubiri majibu, na wanasubiri, mahindi yaliyokuwa yanachomoza siku ile anapasuliwa sasa yamebeba, na kila akipiga simu sauti ya yule dada wa hospitali inasema bado, mama, tutakupigia, kwa upole mwingi, upole wa mtu ambaye tumbo lake halimuumi... "Wifi, mbona kimya?" akauliza Klara, na Yusta akasema anaangalia viwavi, wameanza kutoboa majani, Klara akasema basi tumwambie kaka apige dawa, akaendelea na kitenge atakachovaa, na maumivu yakajikunja, yakajikunjua, kama kitu kinachotafuta namna ya kulala, Mungu wangu, si gesi hii, gesi anaijua, wala si nyuzi, ingawa Emanueli alisema ni nyuzi zinavuta, siku ile ya kwanza alipomwambia, akasema hivyo bila kugeuza shingo, akaongeza sauti ya redio, na mama mkwe akamchemshia tangawizi, akakaa mbele yake mpaka kikombe kikaisha, akamwambia mtu aliyepona asijitafutie ugonjwa, tangu hapo Yusta hajasema tena, analala amejibana ukutani, anaamka anasema nimeamka salama, na kushoto kunauma, kushoto, kifuko hichohicho kilichobaki, hicho kimoja kilichobaki kitazaa? mama mkwe aliuliza kwa Kishambaa pembeni ya kitanda, akidhani dawa ya usingizi haijamwachia, kitazaa, kama anauliza habari za mbuzi wa mnadani, na Emanueli, aliyekuwa amemshika mkono, hakumwambia mama yake ngoja kwanza apone, alisema daktari anasema inawezekana, na mkono wake ukakaza kidogo kwa furaha, aliuhisi, macho amefumba aliuhisi ule mkono, na Jumapili wanampeleka mbele ya watu wote akashukuriwe kwa sababu ya hicho kimoja, na hicho ndicho kinachouma, kama kuna kitu kinaota mle ndani kinaota wakati wao wanachagua jogoo, na hata kama hakuna kitu, hata kama ni bure tu, hajui, wala wao hawajui, ila wao kutojua kwao kumekuwa shangwe na kwake kumekuwa kuinama kwenye kabeji na kusingizia viwavi... na hapo akashangaa, akajishangaa kweli, kwamba wiki zote hizi kilichomnyima usingizi zaidi si ugonjwa, ni aibu ya familia, ni kuwaza Emanueli atauweka wapi uso ikisikika mkewe amerudi hospitali baada ya kushukuriwa, yaani tumbo ni lake, kovu ni lake, na bado amekuwa akiuguza sifa za watu wengine.

"Klara," akasema, "kesho siji shamba. Nateremka hospitali, na wakitaka kunilaza nitalala."

Kisu cha Klara kikanyamaza. "Na Jumapili?"

"Jumapili msinisimamishe."

"Wifi, jamani. Mama atasemaje?"

"Atasema."

Yusta hakuinua kichwa kumtazama, maumivu yalikuwa palepale, mgongo ulikuwa haujanyooka, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni kama kila siku saa za mchana, labda kesho watamwambia hakuna kitu, labda watamwambia neno ambalo hataweza kulibeba kurudi nalo mlimani, lakini aliacha kuibana pumzi yake, akaguna, kwa sauti, kama mtu anayeumwa, akamwacha wifi yake asikie.