Aliyesimama Juu ya Ubao wa Shangazi

Kwenye filamu za mawimbi kuna watu wa aina mbili tu: wanaosimama na wanaochekwa. Wanaosimama hupewa jua la asubuhi, gitaa, na mwendo wa polepole mpaka uchoke kuwatazama. Wanaochekwa ni wazee waliolala kifudifudi juu ya vipande vya mbao, wamevaa kofia za kuogea. Hao hupewa sekunde chache katikati ya filamu, tarumbeta la kuchekesha linapigwa, kisha tunarudishwa kwa mashujaa. Nayajua haya kwa sababu kazi yangu ni kukata filamu, na mwongozaji aliyeniajiri alinipa rundo zima la hizo filamu nizitazame kwanza ili nipate hisia. Hisia niliyoipata ni usingizi.

Mwongozaji huyo tulimwita Maono, maana hakuwahi kumaliza sentensi bila kuyataja maono yake. Hata chai aliiagiza kwa maono. Nyota wake nilimbatiza mwenyewe jina la Wima. Alikuwa kijana mwenye kifua kipana na fikra nyembamba, na kazi yake kubwa mbele ya kamera ilikuwa kukaa mchangani, kuitazama bahari kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, na kusema, "Mimi ndiye wimbi, na wimbi ndiye mimi." Maono alitokwa na machozi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hawa walikuwa madebe mawili.

Ningeyavumilia yote, kazi ni kazi. Lakini wazee wa kuchekwa kwenye filamu hii walikuwa shangazi yangu na wenzake.

Shangazi ni dada wa baba, naye ndiye aliyenilea na ninaishi kwake mpaka leo. Alianza kupanda mawimbi kwa tumbo kabla Wima hajazaliwa. Jioni akitoka kazini, na sasa akitoka tu kitandani, huenda ufukweni na rafiki yake, nesi mstaafu, kila mmoja na ubao kwapani. Hakuna maajabu. Unaingia mpaka maji yafike kiunoni, unauegemeza ubao tumboni, ncha iliyopinda ikitazama juu, unangoja. Wimbi likija unaligeuzia mgongo, unajitupa mbele, unalala, na bahari yenyewe inakufikisha mchangani. Ukifika unainuka, unapandisha nguo, unarudi tena. Hakuna anayesema yeye ndiye wimbi.

Ubao wake aliutengeneza marehemu mumewe, fundi seremala. Ulikuwa wa plaiwudi nyembamba, ukifika kifuani mwa mtu mzima akiusimamisha, na ncha yake aliipinda kwa mvuke wa sufuria ileile ya kuchemshia maji ya kuoga, akaifunga kwa kamba kwenye gogo mpaka ikakubali. Nyumba nzima ya shangazi ni kazi ya mikono yake: kabati, kitanda, viti vya sebuleni, hata kigoda cha jikoni. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache na majigambo ya aina moja tu. Alikuwa akisema, "Changu hakivunjiki," halafu anakunywa maji. Shangazi akiwa na wageni lazima ayarudie maneno hayo, na sisi tulishayazoea kama salamu.

Basi Maono alipomaliza kuwapiga picha wazee na kofia zao, akaja nyumbani kuuazima ubao. Alitaka Wima ajaribu "mambo ya asili." Shangazi akampa, akamwambia sentensi moja.

"Mwambie alale."

"Atalala, mama, usijali," Maono akasema. "Maono yangu ni unyenyekevu."

Ubao ulirudi jioni ndani ya taulo, vipande viwili. Wima mwenyewe ndiye aliyeubeba, na nilikuwepo. Akaweka taulo mezani, akashusha sauti kama daktari anayeleta habari mbaya.

"Mama, pole sana. Ulikuwa umeshaoza kwa ndani. Nimeulalia tu, ukakatika. Gundi yake nadhani haikuwa nzuri tangu mwanzo."

Tangu mwanzo! Mtu hajui tofauti ya gundi na gamu ya kutafuna, lakini ana maoni kuhusu tangu mwanzo. Nilitaka kumjibu, shangazi akanizuia kwa jicho. Akavishika vile vipande, akapitisha kidole pale palipovunjika, akasema, "Haya, mwanangu. Ahsante kwa kuurudisha." Akavisimamisha nyuma ya mlango.

Mnaweza kusema ubao ni ubao tu. Nami ningesema hivyo, kama si yaliyofuata. Siku chache baadaye nesi alikuja, akataka kukaa kwenye kiti chake cha siku zote, shangazi akamwahi. "Kaa taratibu," akamwambia. "Fundi ni yuleyule." Nesi akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Nilimkuta shangazi akitikisa miguu ya meza. Nilimkuta akihamisha sahani kutoka rafu ya juu ya kabati. Wageni walipokuja hakusema tena "changu hakivunjiki." Aliwapa viti vya plastiki. Nyumba iliyojengwa na mtu aliyempenda, sasa anaikalia kwa wasiwasi, na sababu yake ni yule debe. Nilimchukia Wima kwa moyo mweupe kabisa, na wala sikujilaumu.

Mimi hukatia filamu kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la kutengeneza simu. Kuna feni moja, skrini mbili, na pazia zito ambalo lilikuwa shuka. Maono alikuwa ameniletea picha zote alizopiga, na maelekezo: zile za Wima na ubao wa tumbo nisihangaike nazo, hazina maana. Mtu akikuambia usifungue chungu, utakifungua. Nikazifungua.

Wima anaingia majini na ubao. Kwanza ameushika ncha ikitazama chini, kama mtu anayetaka kuchimba viazi. Sauti ya mtu nje ya picha inamwambia augeuze. Anaugeuza. Wimbi linakuja, zuri, la wastani. Anajitupa, analala, na ubao unamchukua. Niseme ukweli ingawa unaniuma: ulimchukua vizuri mno. Ulikwenda umenyooka, ncha juu, maji yanapasuka pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kumtazama, uso wa Wima haukuwa unajitazama. Alikuwa anacheka kwa meno yote. Kama angeendelea hivyo mpaka mchangani, pengine ningemsamehe hata gitaa.

Lakini akaiona kamera. Nakuapia, niliona macho yake yakiiona. Na mtu kama yeye hawezi kuonekana amelala. Akapiga goti moja. Akaweka unyayo. Akasimama, kifua mbele, mikono imetanuliwa, mwili wake wote juu ya plaiwudi nyembamba iliyotengenezwa kubeba mtu aliyelala. Ubao ukastahimili. Ukastahimili zaidi ya nilivyotegemea. Halafu akaruka kidogo ili apendeze, na hapo ndipo ulipokatika.

Nikampigia Maono simu. Akaja akiwa na kofia yake ya maono makubwa, akatazama, akakuna shingo.

"Sasa wewe unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka muende mkamwambie shangazi ukweli. Mwambieni haukuoza. Mwambieni alisimama."

"Dada, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

"Methali hiyo huisema aliyeumizwa, si aliyeumiza."

"Fikiria picha yake! Nyota mzima, amevunja ubao wa bibi kizee halafu kadanganya. Filamu itakuwa imekufa. Hiyo futa." Akaangalia saa, akaondoka. Mtu huyu alinieleza muda wote kwamba bahari haidanganyi, kumbe alijua kila kitu.

Sikuifuta. Na filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa shule, mwendeshaji wa projekta nilikuwa mimi.

Ukumbi ulijaa. Wima alikuja na shati lililofunguliwa vifungo vingi kuliko hali ya hewa ilivyohitaji. Shangazi na nesi walikaa safu ya mbele, wamejipaka mafuta, wamejitanda khanga. Gitaa likapita, jua likapita, "mimi ndiye wimbi" likapita, watu wakapiga makofi. Kisha tarumbeta. Wazee wakatokea na kofia zao, ukumbi ukaangua kicheko. Nikamtazama shangazi. Alikuwa amejikunja kwa kucheka. "Tazama mapaja yako!" akamwambia nesi. "Na wewe kofia yako kama ya mpishi!" nesi akamjibu. Muda wote nilikuwa nimewaogopea kicheko ambacho wao walikuja kukifuata.

Tarumbeta likanyamaza, na pale ambapo Maono alitegemea jua la machweo, nilikuwa nimeweka ile picha. Nzima, bila muziki, bila mkato hata mmoja. Wima na ncha chini. Wima analala. Wima anaiona kamera. Goti, unyayo, kifua. Ulipokatika ubao, ukumbi ulicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Maono alikuwa ameshanifikia, ananong'ona kwa ukali, "Zima! Zima hiyo!"

"Rudisha," ikasikika sauti kutoka mbele.

Shangazi alikuwa amesimama. Hakuwa anacheka. Kicheko kikafa safu kwa safu mpaka nyuma.

"Mama, hilo ni kosa la kiufundi," Maono akasema. "Kuhusu ubao, tutazungumza..."

"Sijakuuliza kuhusu ubao kuvunjika, mwanangu. Nimesema rudisha. Pale kabla hajasimama."

Nikarudisha. Wimbi likaja, Wima akajitupa, ubao ukaenda. Shangazi akasogea mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye pazia la filamu. Ubao ulipofika pale pa goti, akainua mkono, nikasimamisha picha.

"Tena."

Nikarudia.

"Miaka yote hiyo nimeulalia," akasema, si kwetu, nadhani alikuwa anamwambia nesi. "Sijawahi kuuona ukienda. Tazama unavyokwenda. Tazama kazi ya yule fundi wangu."

Nikarudia tena, na tena, hata aliponiambia inatosha sikuona vizuri vitufe vya kompyuta. Maono alikuwa ametoka nje. Filamu yake ilikuwa imebaki nusu, na hakuna aliyeiulizia.

Asubuhi yake shangazi alivirudisha viti vya plastiki uani, akapanga sahani rafu ya juu, zote, hata zile nzito. Sikumsaidia, kwa sababu hakutaka.

Alasiri ikabishwa hodi. Alikuwa Wima, vifungo vyote vimefungwa. Nilitaka kumfukuza kabla hajavua viatu, lakini shangazi alishaitikia. Akaingia, akasimama katikati ya sebule bila kujua mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja... kuhusu ule ubao. Nilisema uongo. Niliona aibu."

"Marahaba. Nimekusikia."

"Nikuletee mwingine? Kuna za kisasa, za povu, nyepesi..."

"Sitaki. Kaa."

Akakitazama kiti cha marehemu. Bila shaka alikuwa ameyaamini maneno yake mwenyewe kuhusu gundi, maana alishika mkono wa kiti na kujishusha polepole, matako nusu hewani, kama anayeketi juu ya mayai. Shangazi akamtazama mpaka mwisho.

"Kaa kwa uzito wako wote, kijana," akamwambia. "Changu hakivunjiki. Ila usije ukasimama juu yake."