Swali la Muthoni

Mzungu aliyekuwa mkuu wa idara ya fizikia alipofunga virago mwaka wa sabini na mbili, kiti chake kilikaliwa na Daktari Taib, kijana wa Lamu mwenye suti nadhifu na maneno matamu. Akili alikuwa nayo, hilo hatukatai. Lakini misingi, weee! Hesabu za mwanzo alizipitia mbiombio, akazikariri tu, na sasa hakuwa na wa kumuuliza bila kujiaibisha.

Siku moja Taib akiwa ubaoni, mwanafunzi wake Muthoni, binti wa kijiji cha Mutuini, alinyoosha mkono. "Daktari, hapo si ni kutoa? Mbona umejumlisha?"

Taib aliutazama ubao. Hakujua.

"Ukifikia elimu yangu utaelewa," akasema. Darasa likacheka, na Muthoni akaketi.

Basi mtihani ukafanywa, wote wakajumlisha, na Taib akawapasisha wote. Kisha akaja mtahini kutoka ng'ambo, akasahihisha upya, akawaangusha wote.

"Wazembe ni wanafunzi," mtahini alimuuliza Taib mbele ya kikao cha wakuu wa chuo, "au ni mwalimu?"

Lo! Chumba kilimwia Taib kidogo ghafla. Akisema ni wao, vijana watafukuzwa chuo. Akisema ni yeye, kiti kimekwenda, na jamaa zake wa mjini waliokuwa wakimtembeza kama bibi harusi atawatazama kwa macho gani? Mlango ulikuwa pale pale, lakini atoke aende wapi? Alimchukia yule mtahini, akajichukia mwenyewe zaidi.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Niliwafundisha makosa, na sikujua kuwa ni makosa."

Vijana wakaruhusiwa kurudia mtihani. Yeye akavuliwa ukuu, akaambiwa akakae darasani na wa mwaka wa kwanza. Alihisi amepumua kidogo. Jumamosi akaenda mwenyewe hadi Mutuini, akamkuta Muthoni akikata nyasi za ng'ombe.

"Ulikuwa sahihi, Muthoni. Nisamehe."

"Nilijua, Daktari," akajibu, panga mkononi. "Sote tulijua. Tuliifanya ile hesabu hosteli, tukapata kutoa."

"Sasa mbona mliandika kujumlisha?"

Muthoni alimtazama kwa huruma. "Si ni wewe ungesahihisha?"

Taib alibaki amesimama katikati ya nyasi, asijue aage au aombe mahali pa kukaa.