Nukta ya Kiti cha Dirishani

"Jirani, hivi yule mzee anayeingia kwenu kila siku wala haazimi kitabu, kwani anafuata nini?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, siku nyingi zilizopita, pini zikiwa mdomoni. Mkutubi alicheka, akaendelea kuanika nguo zake. "Anafuata kiti," alisema. "Labda kwake vyote vimeshakaliwa." Wakacheka wote wawili, yakaisha.

Mzee mwenyewe hakuwa na makuu. Kwa miaka sita alifika maktaba ikishafunguliwa tu, akavua kofia, akachukua kitabu kikubwa cha ramani kwenye rafu ya chini, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Hana kadi, hana swali, hana hata kikohozi. Saa kumi anarudisha kitabu mahali pake, anaingiza kiti mezani, anakwenda zake. Wafanyakazi walimwita Mzee Ramani, na yeye alikuwa analijua jina hilo na ameliridhia.

Sasa mwaka huo makao makuu yalimletea mkutubi kitabu cha kazi, chenye jalada la buluu, kilichoandikwa kwa ajili ya wakutubi wanaotaka kuboresha huduma zao na majengo yao. Alikisoma kama mtu anavyosoma barua ya posa. Kilimfundisha kushusha rafu ndefu, kutenga meza za mazungumzo na meza za ukimya, hata namna ya kuandika kibao kisichomkaripia msomaji. Alikwenda akavitazama vibao vyake, USIONGEE, USILE, USILALE, akaona haya, akavibandua siku hiyo hiyo.

Na kitabu kilisema hivi: kabla hujahamisha hata kiti kimoja, chora ramani ya chumba. Kila saa zunguka, na kila mtu mwekee nukta moja pale alipokaa. Fanya hivyo siku nne. Mahali pasipo na nukta hapana mwenyewe, na hapo ndipo pa kuanzia.

Pa kuanzia mkutubi alikuwa anapajua tayari. Watoto walikuwa wakisomea sakafuni kwenye korido, miguu ya wapitaji ikiwaruka, kwa sababu hawakuwa na pao. Kona ya dirishani ilikuwa na mwanga, na nafasi ya mikeka na rafu fupi. Kamati ya maktaba ingekuja Ijumaa kuamua. Tena mwenyekiti alikwisha kumnong'oneza kwamba kona hiyo ikipita, naye atathibitishwa kazini, maana ulikuwa mwaka wa pili yeye ni kaimu tu.

Jumatatu saa tatu akaanza kuzunguka, penseli mkononi. Nukta mbili meza ya magazeti. Nukta tano kwa wanafunzi. Alipofika dirishani, Mzee Ramani aliinua macho akatabasamu. Mkutubi akamtazama, kisha akaitazama karatasi. Nukta moja kila saa, siku nne nzima: kamati wataona kona imejaa nukta, watasema ina watu. Ilhali ni mtu mmoja, tena hana kadi. Akajitia hamnazo, akapita.

Siku hiyo nzima alimruka.

Lakini hakulelewa hivyo. Jumanne aliamka na uzito moyoni, akaamua kumwandika kuanzia siku hiyo, liwalo na liwe. Saa tatu akaweka nukta kwenye kiti cha dirishani. Saa nne akaweka, na saa zilizofuata. Jioni alipokaa kujumlisha, wa magazeti wapo, wanafunzi wapo, kiti cha dirishani ni cheupe. Akadhani amesahau. Mtu husahau.

Jumatano akaacha penseli, akachukua kalamu ya wino, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Msomaji mmoja akamwuliza vilipo vitabu vya kilimo, akageuka kumwonyesha. Aliporudisha macho, karatasi ilikuwa safi. Akaipapasa kwa kidole. Hapakuwa na tundu, wala kovu la tundu.

Alikuwa bado amesimama hivyo Shangazi alipopita na ufagio. Shangazi ndiye mfagizi wao, na alikuwa na mazoea yake: akifika dirishani lazima apaze sauti, "Shikamoo mzee, inua miguu nisije nikakufagia na wewe," na mzee lazima acheke. Siku hiyo alifika, hakusema kitu, akasukuma ufagio moja kwa moja kwenye viatu vya mzee. Mzee akainua miguu haraka.

"Shangazi, leo umemnunia mzee?"

"Mzee yupi?"

"Si huyo hapo dirishani."

Shangazi alitazama dirishani, akamtazama mkutubi, akarudi kufagia. "Dada, hicho kitabu chako cha buluu kitakumaliza macho. Siku moja utanisalimia mimi ukidhani ni rafu."

Saa sita akaja mwanafunzi mwenye begi zito. Akatafuta pa kulitua, akalitua kwenye kiti cha dirishani, mapajani mwa mzee, akaenda kukaa kwingine. Mzee alilishika begi lile kwa mikono miwili lisianguke, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake hospitalini amshikie kidogo, mpaka mwenyewe aliporudi kulichukua.

Jioni mkutubi alimkuta mama yake uani, anachambua mchele. Akakaa kando yake, akauliza, "Mama, ukihesabu watu ukamruka mmoja, ni dhambi?"

"Umemruka kwa kusahau au kwa kujua?"

Mkutubi akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Umeshanijibu," mama akasema. "Mungu anawajua watu wake wote, na hakuna anayempotea. Wewe umepewa chumba kimoja tu, kikakushinda."

Alhamisi, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mzee aliinuka kitini akaja mpaka mezani kwake. Kofia ilikuwa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia."

"Afadhali." Akashusha pumzi. "Juzi binti yangu alitenga sahani tano. Sisi ni sita. Nikasema moyoni, mtu huchoka. Jana akatenga tano tena, na wajukuu wakala, hakuna aliyeuliza. Leo asubuhi amefunga nyumba kwa kufuli nami nimo ndani. Nimetokea dirishani, na umri huu."

Mkutubi aliiweka kalamu chini.

"Nimekaa pale nikafikiri, hivi nimeanzia wapi kukosekana? Nikaona nimeanzia hapa. Jumatatu ulikuja na karatasi yako. Ulinitazama, ukaitazama karatasi, ukapita." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipoangusha ufunguo. "Niandike, mwanangu. Popote pale, hata pembeni."

"Nimejaribu, baba. Karatasi haishiki."

"Basi nitaje. Kesho wakubwa wako wakija, waambie kwa kinywa chako kwamba nipo. Nafikiri hiyo itashika. Kona wachukue, mimi nitakaa hata korido na watoto. Nisichotaka ni kesho kutwa binti yangu atenge sahani tano."

"Nitakutaja."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi, baba."

Akavaa kofia, akarudi kitini. Mkutubi alimfuata kwa macho, akaona kitu kilichomtia baridi: jua lilikuwa likiingia dirishani, na kivuli cha kiti kilikuwa sakafuni peke yake.

Ijumaa kamati ilifika saa nne, watu wanne, mwenyekiti mbele na fimbo yake ya kuelekezea. Mzee alikuwa ameshakaa, kitabu cha ramani mbele yake, kofia mezani. Hakukifungua. Alikuwa ameelekeza uso kwao, ametulia, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kliniki.

Mkutubi aligawa karatasi. Zikapita mkono kwa mkono.

"Kazi safi," mwenyekiti akasema. "Siku nne, kona hii sifuri. Watoto wapewe. Kuna mwenye neno?"

Mkutubi alipiga moyo konde. "Mimi ninalo. Kuna mtu anayekaa hapa."

"Lini?"

"Kila siku. Ni mzee mmoja."

Mwenyekiti akapekua karatasi mbele, akapekua nyuma. "Mbona hayumo?" Akaenda mpaka kwenye kiti, akaweka mkono juu ya mgongo wake, vidole vikiligusa bega la mzee, wala hakustuka. "Hiki hiki?"

"Hicho."

Shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango na ufagio wake, akainamisha uso. Mama mmoja wa kamati alikohoa kikohozi cha huruma. Mwenyekiti akarudi karibu na mkutubi, akashusha sauti kama mzazi na mtoto wake.

"Dada, nisikilize. Kama hizi karatasi umezibuni, sema sasa, tuzichane, tusilaumiane. Watoto watabaki korido mwaka mwingine, nasi tutatafuta mkutubi anayejua kuhesabu. Kama ni za kweli, sema ni za kweli, tutie sahihi. Moja au jingine. Kuna mtu pale, au hakuna?"

Chumba kizima kilimwangalia. Kutoka korido ilisikika sauti ya mtoto akisoma kwa kusilabi. Mkutubi alitazama dirishani. Mzee alimwitikia kwa kichwa kidogo tu, vile mkubwa anavyomtia moyo mtoto aliyesimamishwa mbele ya watu.

Mkutubi akaondoa macho dirishani.

"Karatasi ni za kweli," akasema. "Nilichoka tu. Hakuna mtu."

"Haya," mwenyekiti akasema, akafungua kalamu.

Mzee alikaa kidogo, mikono juu ya jalada. Kisha akainuka. Alikibeba kitabu cha ramani akakirudisha rafu ya chini, mahali pake, mgongo ukitazama nje. Akaingiza kiti mezani, na kiti kikakwaruza sakafu, na hakuna aliyegeuka. Akachukua kofia. Alipopita katikati ya kamati, wale watu wanne walijisogeza kumpisha, huyu huku, yule kule, wakiendelea kuzungumza juu ya mikeka, bila kujua kwamba wamempisha mtu. Shangazi naye akaondoa ufagio njiani.

Mbele ya mkutubi alisimama, na mkutubi akafumba macho akisubiri asemwe. Alipoyafumbua, aliona mgongo wa koti umekwisha kuvuka kizingiti. Mzee alikuwa ametoka, wala hakuongeza neno.