Kurudi Tupu

Mimi sina subira, na wanaonijua pale Bwera, mpakani, watakuambia hivyo hivyo. Kwa hiyo mume wangu Muhammed aliponilalamikia kwa mara ya tano kwamba pikapu yetu inatetemeka, nilimjibu mbele ya wapakiaji wote: "Gari iko sawa. Mikono yako ndiyo inatetemeka."

Wapakiaji walicheka. Muhammed akaingia, akawasha gari. Njia nzima hadi Kasese sikuhisi mtetemo wowote. Tulipofika nikamgeukia na kumwuliza, "Haya, iko wapi hiyo tetemeko yako?"

Kazi yetu iko hivi. Siku ya soko tunapakia Bwera maharage na madumu ya mawese yaliyovuka kutoka Congo. Yeye anaendesha, mimi naketi kando yake. Kasese tunashusha mzigo, mimi nabaki sokoni kuuza, yeye anarudi mapema na gari kutafuta mzigo wa safari nyingine. Jioni mimi hurudi kwa teksi. Miaka sita tumekwenda hivyo.

Miezi miwili kabla ya hapo, gari lilikuwa limechoka, mkia unaburura. Tukaweka tairi mpya nne na shokomzoba mpya, na springi za nyuma zikaongezwa, mbili kila upande. Pikapu ikasimama mkia juu kama jogoo. Nilifurahi sana, maana sasa tulipakia magunia sita zaidi.

Haikupita wiki, Muhammed akaanza. Usukani unacheza, sakafu inanguruma. Tairi zikapelekwa kubalansiwa ili zizunguke sawasawa, mara ya kwanza na mara ya pili. Nati zote zikakazwa upya. Fundi wa Kasese akalizungusha gari mjini, akarudi akisema hajaona kitu. Mjini hakuna pa kukimbiza gari, lakini hilo sikulifikiria wakati ule.

Nilichofikiria ni ngiri. Mwaka jana Muhammed alimgonga ngiri karibu na Kikorongo, na tangu siku hiyo mimi nilimwona kama mtu aliyeingiwa na woga. Basi nikaunganisha mambo kichwani mwangu, nikafunga kesi.

Naye akaanza kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Asubuhi moja nilimkuta amenyoosha vidole mbele ya binti yetu Nasifah, anamwuliza kama vimetulia. Badala ya kumhurumia nilikasirika, na sasa najua ni kwa sababu niliogopa. Asipoendesha yeye, tutaishije? Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa naamka, naenda kulitazama gari uani, naigonga tairi kwa mguu, narudi ndani. Mwishowe nikazungumza na dereva mmoja, Isa, aanze Jumatatu.

Muhammed aliposikia, aliniambia tu, "Sawa, Mama Nasifah. Lakini kwanza twende kwa Bénit."

Bénit ni fundi kutoka Butembo, huko Congo, ana banda lake la mabati hapo Bwera. Anajua kazi, ila ni mtu wa polepole, na polepole yake inanitesa. Alilizunguka gari mara mbili bila kugusa kitu. Mimi nilikuwa namfuata nyuma nikichezesha funguo.

"Mama, ukae kwanza," akasema.

"Sitaki kukaa. Wewe tengeneza."

Akajifuta mikono. "Munijibu kitu moja. Iko natetemeka wakati iko na muzigo, ao wakati iko tupu?"

"Haitetemeki kabisa!" nikasema.

"Wakati iko tupu," akasema Muhammed, wakati huo huo.

Bénit alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaniuliza mimi: "Mama, tangu baongeze hizi springi, ulisha panda hii gari tupu?"

Jioni zote nilikuwa narudi kwa teksi. Sikuwahi hata siku moja.

Tukatoka wote watatu, Bénit kwenye usukani, mimi katikati. Baada ya Kisinga barabara ilinyooka. Kwenye spidi ya sitini, kimya. Kwenye sabini nikasikia nyayo zinawasha. Kwenye themanini sakafu ilinguruma, kioo cha pembeni kikacheza hadi sikuona tena barabara ya nyuma, na meno yangu yakagongana kinywani.

"Punguza!" nikapiga kelele. "Punguza, utatuua!"

Muhammed alikuwa ameketi mlangoni. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama mikono yake miwili juu ya magoti.

Tuliporudi, Bénit aliingia chini ya gari, akaniita mimi, si mume wangu, nichuchumae nione. "Ona propela, hii fimbo inapeleka nguvu kwa tairi za nyuma. Mukia iko juu sana, basi propela inashuka kwa kona mubaya, inaruka-ruka. Ukipakia muzigo, mukia inashuka, propela inanyooka, inanyamaza." Akaigonga springi kwa spana. "Nani aliomba hizi zote?"

Muhammed angeweza kujibu. Aliniachia mimi nijibu.

"Mimi," nikasema.

Bénit aliondoa zile nne, na magunia sita yakaenda nazo. Kisha akalijaribu tena barabarani, akarudi anatabasamu. Nilimpigia Isa simu hapo hapo, nikamwambia asije. Nilisema kwa sauti kubwa ili Muhammed asikie.

Kesho yake nilimwomba anipeleke Kasese bila mzigo wowote. Nilitaka tusafiri kwa raha, tucheke, mambo yaishe. Gari lilikuwa kimya kama kitanda. Lakini baada ya Kikorongo, barabara ikiwa tupu mbele yetu, yeye alikuwa bado kwenye arobaini, ameushika usukani kwa nguvu. Boda boda zikatupita. Hata lori la saruji likatupita.

"Baba Nasifah, ongeza mwendo kidogo. Gari imepona."

"Najua."

"Nisamehe. Nilikosa, nilikosa sana."

"Nimesikia, Mama Nasifah." Mguu wake haukusogea. Akasema, "Mwezi uliopita nilienda kwa daktari, sikukuambia. Alinipima mikono, akapima na macho. Alisema niko mzima, hakuna kitu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Sikumwamini. Nilimwambia kwamba mke wangu ananijua kuliko yeye."

Pikipiki nyingine ikatupita, imebeba mtu na mbuzi. Nikaanza kulia. Sikumwambia tena aongeze mwendo. Tuliingia Kasese kwa arobaini.