Mamba Aliyevaa Kanga

Hakuna aliyemfundisha Scholastica kuchora. Alianza baada ya kufiwa na mumewe, kwa masizi na udongo mwekundu, kisha kwa rangi walizobakiza wavuvi wa Lituhi, kijiji chao kando ya ziwa, wakipaka maboti yao. Ukuta wa nyumba yake ulijaa wanyama: kiboko akipiga ngoma, kima na mwavuli wake akienda misa. Watoto walikuja kuucheka.

Msimu wa mvua, mamba alimchukua Vitalia, binti wa jirani yake Kunigunda, alipokuwa akifua ziwani. Kilichopatikana ni kanga yake tu, ya njano yenye maua mekundu. Tangu hapo watoto wa mtaa ule waliogopa hata kuteka maji.

Jambo lile lilimkaa Scholastica moyoni. Mwishowe akachora mamba mkubwa, amesimama kwa miguu ya nyuma, kichwa ameinamisha, kajifunga kanga ya njano yenye maua mekundu. Meno aliyachora madogo kama punje za mchele. Watoto wakacheka tena, na habari zikafika kwa Kunigunda.

Alikuja Jumapili baada ya misa. Hakupiga hodi. Alisimama mbele ya ukuta mpaka Scholastica akatoka.

“Umemvika nguo ya mwanangu,” alisema.

Scholastica alimweleza kwamba alitaka mnyama yule aaibike mbele ya kijiji kizima.

“Mamba hana aibu, dada. Mwenye aibu ni mimi niliyemtuma mtoto akafue.”

Scholastica alikwenda kuchanganya udongo kwenye ndoo, akaanza kuusiliba ukuta pale penye mamba kwa viganja. Alikwisha kuziba mdomo, macho na mkia, Kunigunda alipomshika mkono.

“Hiyo kanga iache.”

Akaziba mwili uliosalia, kanga ikabaki ukutani kati ya wanyama wengine, haina mwenyewe. Watoto hawakuja tena. Kunigunda ndiye aliyekuja, kila asubuhi, akaketi chini kuielekea. Scholastica alimsalimu, akaitikiwa, akarudi ndani. Burashi zilimkaukia koponi. Kila alipofikiria mnyama wa kuchora, alimsikia jirani yake akikohoa pale nje.

Siku moja alimtolea kigoda. Kunigunda alikikalia, akashukuru, lakini hakugeuka kumtazama.